Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: mazoezi ya kujifanyia nyumbani, hatua kwa hatua

"Nilale au nitembee?" "Nipige picha ya mgongo kwanza?" "Nimekandwa wiki mbili, mbona mguu bado unawaka moto?" Maswali haya naulizwa kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ameshapoteza siku nyingi akifanya kinyume cha kile ambacho kingemsaidia. Kazi yangu ni tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, na wagonjwa wa kiuno ndio ninaowaona kuliko wengine wote. Nimeona nijibu mahali pamoja, kwa mpangilio uleule ambao ungeufuata ungekuwa umelala kwenye kitanda changu cha matibabu.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana nitalirudia: angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakiwa unyayoni asubuhi na jioni yamerudi pajani, unapona, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi. Yakiwa takoni asubuhi na jioni yamefika kwenye shavu la mguu, unajiumiza, hata kama zoezi lilikuwa tamu.

Kinachouma ni nini

Kiuno kina pingili 5 kubwa za uti wa mgongo, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto mdogo wenye kiini laini. Pembeni mwa diski hutokea mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Mizizi kadhaa ya chini huungana kuwa neva ya siatiki, nene kuliko neva zote mwilini, inayopita ndani ya tako na nyuma ya paja. Matawi yake hufika hadi vidoleni. Diski ikitokeza na kuugusa mzizi, au njia ya mzizi ikifinywa na mifupa iliyoota kwa umri, utasikia maumivu kando ya njia ya neva hiyo. Mguu unauma na hali mguu wenyewe ni mzima. Kwa hiyo kukanda shavu la mguu hakuigusi shida ilipo.

Watu wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Kipande cha diski kilichotokeza mara nyingi husinyaa, kwa sababu mwili wenyewe hukishambulia na kukimeng'enya. Mazoezi yanakuwezesha kuendelea na maisha wakati kazi hiyo inafanyika, na yanazuia misuli isilale.

Dalili zisizongoja mazoezi

Soma sehemu hii hata kama una haraka. Nenda hospitali leo hii, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

- Mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au umeshindwa kuzuia haja kubwa.
- Una ganzi sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na mapaja ya ndani, yaani pale pote panapogusa kiti cha baiskeli.
- Miguu yote miwili imeanza kulegea au kufa ganzi.
- Unyayo umeanguka: ukitembea vidole vinaburuza chini na huwezi kuviinua.

Neva za kibofu na haja kubwa zikibanwa hazina subira. Upasuaji wake huhesabiwa kwa saa, na aliyechelewa anaweza kubaki na tatizo la mkojo maisha yake yote. Usione haya kumwambia daktari habari za chooni.

Wengine wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kugusa zoezi lolote ni wenye homa pamoja na maumivu ya mgongo, waliokonda bila sababu, wanaotoka jasho la usiku na kukohoa muda mrefu (kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili), waliowahi kuwa na saratani, walioanguka au kupata ajali, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mjamzito, au mtu aliyepasuliwa mgongo karibuni, asifuate mwongozo huu mpaka aonwe na mtaalamu wake.

Vitu vya kuandaa

Mkeka au blanketi la kukunja sakafuni. Godoro linalobonyea halifai. Kiti imara kisicho na magurudumu. Mito miwili, taulo moja, daftari na kalamu. Basi. Huhitaji mashine wala mkanda maalumu.

Kabla ya zoezi la kwanza, jipime mara tatu na uandike:

Kwanza, chora mguu kwenye daftari, hata kwa mistari miwili tu, kisha tia alama maumivu yanapoishia na ganzi ilipo. Ganzi ya juu ya wayo na kidole gumba mara nyingi hutoka kwenye mzizi wa pingili ya tano. Ya ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo hutoka kwenye mzizi ulio chini yake. Mtaalamu akiiona ramani hiyo atakushukuru.

Pili, lala chali, uinue polepole mguu unaouma ukiwa umenyooka. Angalia unafika wapi kabla maumivu hayajapiga chini ya goti. Andika: "kimo cha kiti", "nusu ya kiti".

Tatu, shika ukuta, tembea hatua 10 kwa visigino, kisha hatua 10 kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa kazi ambayo mwenzake anaiweza, hiyo ni misuli kukosa nguvu, si maumivu tu. Mwone daktari wiki hii, hata kama maumivu ni madogo.

Hatua zenyewe

1. Tafuta mkao wa kutuliza.

Lala chali sakafuni, miguu yote miwili juu ya kiti, magoti na nyonga vikunjwe kama pembe ya meza. Pumua ukisikia tumbo linapanda na kushuka. Kaa hivyo dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku. Usiku lala ubavu, mto mmoja katikati ya magoti, au chali mto ukiwa chini ya magoti.

Kutoka kitandani kuna namna yake. Usijikunje kama mtu anayeamka ghafla. Geuka ubavu kwanza, mabega na nyonga vigeuke pamoja kama gogo, shusha miguu ukingoni, kisha jisukume kwa mikono mpaka ukae. Saa ya kwanza baada ya kuamka epuka kuinama sana: diski hunyonya maji usiku na asubuhi zimevimba. Anayeinama kufunga viatu dakika ya pili baada ya kuamka anaudai mgongo kazi kwa wakati wake mbaya kuliko wote.

2. Tafuta upande ambao mgongo wako unaupenda.

Hapa ndipo penye kazi kubwa, usiparuke. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa tiba ya viungo Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake alale kifudifudi amsubiri. Hakujua kwamba kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Aliporudi alimkuta mtu mgongo umepinda kinyumenyume, mkao ulioaminika wakati ule kuwa ni hatari, na mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena. Kutokana na siku hiyo McKenzie akajenga njia ya matibabu inayotumika hadi leo duniani kote.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

a) Lala kifudifudi, kichwa kimegeuzwa upande, mikono kando ya mwili. Dakika 2 hadi 3. Ukishindwa kabisa, weka mto chini ya tumbo na uuondoe siku nyingine.

b) Inuka uegemee viwiko, kiuno kikilegea kuelekea sakafuni. Dakika 2 hadi 3.

c) Weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono polepole uinue kifua, nyonga zibaki chini zimelegea. Ukifika juu toa pumzi yote, shuka. Mara 10. Rudia kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho.

Baada ya kila raundi simama, tembea kidogo, ujiulize: maumivu yako wapi sasa?

Nilikuwa na mgonjwa fundi cherehani ambaye hakuweza kukaa zaidi ya dakika tano. Siku ya kwanza alionyesha maumivu kwa kiganja kizima, akikipitisha kutoka takoni hadi kisiginoni. Baada ya raundi ya nne nikamuuliza yako wapi. Akanyoosha kidole kimoja akagusa juu kidogo ya mkanda wa sketi. "Hapa tu, daktari. Lakini hapa panauma kuliko asubuhi." Alisema kwa hofu, akidhani tumeharibu. Nilimwambia hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote alizoniletea, na kweli ilikuwa hivyo: wiki ya tatu alirudi kwenye cherehani yake, akisimama kila baada ya nusu saa.

Si kila mgongo unapenda kupinda nyuma. Kama una umri mkubwa, mguu unauma ukisimama au kutembea na unapoa ukikaa au kuinama mbele, huenda njia za neva zimekuwa nyembamba. Kwako zoezi ni la upande wa pili: lala chali, vuta goti moja kifuani, halafu jingine, kisha yote mawili, shikilia sekunde 5, mara 10. Kipimo ni kilekile.

Jipe siku 2 au 3 za kujaribu upande mmoja kwa uaminifu. Lakini kama maumivu yanashuka mguuni na hayarudi juu baada ya dakika 10 za kupumzika, acha upande huo siku hiyohiyo.

3. Tembea.

Anza na dakika 5, mahali tambarare, mara 4 au 5 kwa siku. Mikono ibembee, hatua ziwe fupi. Ongeza dakika moja au mbili kila siku mguu ukiruhusu. Kulala kutwa nzima ni tiba ya zamani iliyopitwa na wakati. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha, zaidi ya hapo misuli inanyauka na mgongo unakuwa mgumu.

4. Telezesha neva, usiivute.

Subiri maumivu makali yapoe kwanza. Kaa kitini, mgongo wima. Nyoosha goti la mguu unaouma huku ukiinua kichwa kutazama juu. Kunja goti huku ukishusha kidevu kifuani. Kichwa na mguu viende pamoja kama watu wawili wanaovutana kamba kwa zamu: mmoja akivuta, mwingine analegeza. Hivyo neva inateleza ndani ya njia yake bila kukazwa ncha zote mbili. Mara 10, polepole, mara 2 au 3 kwa siku. Ukisikia umeme unapiga, umenyoosha kupita kiasi, punguza.

Kosa ninaloliona kila mara ni hili: mtu anasikia nyuma ya paja kumekaza, anatundika mguu juu ya meza anauvuta mpaka machozi yanamtoka. Kile kinachokaza si msuli. Ni neva iliyokasirika, na kuivuta ni kuichokoza. Tafadhali acha kabisa.

5. Jenga nguvu.

Anza maumivu ya mguu yakishapungua, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Fanya siku moja ndiyo, siku moja hapana.

- Daraja: lala chali, magoti yamekunjwa, kaza makalio, inua nyonga mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Sekunde 5, mara 8 hadi 12.
- Mkono na mguu: piga magoti na mikono sakafuni, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja. Weka taulo iliyokunjwa juu ya kiuno, ikianguka, unayumba. Sekunde 5 hadi 10, mara 6 kila upande.
- Ubavu: egemea kiwiko na magoti, inua nyonga kutoka sakafuni. Sekunde 10, mara 4 kila upande. Ukizoea, nyoosha miguu.

Usizuie pumzi. Na yale mazoezi ya kuamka kutoka chali hadi kukaa, mikono nyuma ya kichwa, yaache kwa sasa; yanazikandamiza diski bila faida unayoihitaji wewe.

6. Jifunze kuinama upya.

Simama hatua ndogo mbele ya ukuta, mgongo uuelekee. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta huku kifua kikishuka na mgongo ukibaki umenyooka. Rudi kwa kukaza makalio. Mara 10 kila siku, mpaka mwili ufanye wenyewe bila kufikiri. Kisha chukua ndoo tupu, halafu yenye maji robo, halafu nusu. Mzigo uwe karibu na mwili. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usizungushe kiuno mzigo ukiwa mikononi.

Msiogope kuinua vitu maisha yenu yote. Mgongo umeumbwa kubeba. Nimeona watu wanaoumizwa na woga kuliko diski yenyewe: wanatembea kama wamevaa ubao, hawathubutu kumbeba mtoto wao miaka miwili baada ya maumivu kuisha.

Makosa mengine ya kuepuka

Kukandwa kwa nguvu mpaka kiuno kivimbe, au kukanyagwa mgongoni. Ukandaji mwepesi na kitambaa cha moto hutuliza misuli, sina neno nao. Ila mtu asiyejua diski yako iko wapi asikukunje wala kukuvunjavunja mgongo.

Kuvaa mkanda wa kiuno kutwa nzima. Uvae ukiwa na safari mbaya au kazi nzito, saa chache, kisha uvue.

Kukimbilia kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) wiki ya kwanza. Kama huna zile dalili za hatari, picha mara nyingi haibadilishi matibabu ya mwanzo. Ukiwapiga picha watu wasioumwa chochote, utakuta diski zilizochakaa kwa zaidi ya theluthi moja ya wenye miaka 20, na karibu wote wenye miaka 80. Maneno kama "diski imechakaa" yamewalaza watu kitandani bila sababu.

Ukikwama

"Maumivu yameshuka zaidi tangu nianze." Rudi hatua ya 1 kwa siku nzima. Kesho jaribu upande mwingine wa hatua ya 2, kwa marudio 5 tu. Yakiendelea kushuka, mwone mtaalamu ana kwa ana. Huenda mwili umepinda upande na unahitaji zoezi la kusogeza nyonga kando, ambalo linataka jicho la mtu wa pili.

"Ninapokohoa au kupiga chafya mguu unapigwa shoti." Ni kawaida diski ikiwa imetokeza. Simama wima, weka kiganja kiunoni, pinda nyuma kidogo kabla chafya haijatoka.

"Maumivu yameisha lakini ganzi imebaki." Neva hupona polepole kuliko maumivu yanavyoondoka. Ganzi ndogo inaweza kukaa miezi. Pima nguvu ya visigino na vidole kila wiki. Ikiwa nguvu ipo, endelea. Ganzi ikipanua eneo lake, nenda kwa daktari.

"Silali usiku." Badilisha mkao kabla ya kufikiria dawa nyingine. Dawa ya kutuliza maumivu mwulize daktari au mfamasia, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, shida ya figo au presha, kwani nyingi kati ya zile zinazonunuliwa ovyo huviongezea moto.

"Kazi yangu ni ya kukaa." Taulo iliyoviringishwa nyuma ya kiuno, nyayo zote chini, na simama kila dakika 30. Ukiwa umesimama, viganja kiunoni, pinda nyuma mara 5.

"Wiki ya sita na mguu haujabadilika." Sasa ndiyo saa ya picha na ya kuzungumza na daktari bingwa. Upasuaji kwa mtu aliyechaguliwa vizuri huondoa maumivu ya mguu haraka, na kuukubali hakumaanishi kwamba mazoezi yako yalipotea bure; misuli uliyoijenga utaihitaji wiki ya kwanza tu baada ya kutoka hospitali.

"Nilipona, yamerudi." Hurudi kwa wengi. Usianze kuhangaika upya: fungua daftari, tazama ni upande gani ulikusaidia mara ya kwanza, na uanze nao siku hiyohiyo, kabla maumivu hayajavuka goti.